Joto Halionekani Kwenye Picha

Kama uliwahi kualikwa harusi mtaani kwetu Kiwalani miaka ile, basi kuna mwanamke mmoja aliyekuchagulia nguo kabla hata hujamjua. Sie tulimwita Mwenyekiti. Hakuwa mwenyekiti wa mtaa wala wa chama. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mavazi, na kamati yenyewe ilikuwa yeye peke yake, maana wajumbe wengine wawili walishaacha kuja vikaoni kwa kuchoka kubishana naye.

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na minane. Kila asubuhi nilipokuwa natoka kwenda Kinondoni, ambako mie ni karani wa shule, nilimpa shikamoo yake naye akanijibu marahaba huku akinitazama kuanzia viatuni kwenda juu. Nilimheshimu. Karibu kila mwaka nilitamani pia ahame. Nayasema mapema yote mawili, asije mtu akadhani nimekaa kumsifu.

Mtaani kwetu mtu akitangaza harusi, kabla hajaanza kuwaza ukumbi wala chakula, Mwenyekiti alikuwa ameshafika sebuleni kwake na mfuko wa vipande vya vitambaa. Aliomba chai ya rangi isiyo na sukari, akavitandaza vile vipande magotini, kisha akaanza kugawa watu kwa kidole. Huu upande wa mwanamke. Huu upande wa mwanamume. Huu wa majirani. Kwa majirani zetu Waislamu alishatafuta na ushungi wa kushabihiana, na hakukosea rangi hata siku moja. Ulikuwa hujamaliza kumkaribisha, yeye ameshakuvisha wewe na ukoo wako mzima.

Sasa, harusi zetu nyingi huangukia kati ya Desemba na Februari. Shule zimefungwa, ndugu wa mikoani wako likizo, kila mtu anapatikana. Ndiyo miezi ambayo Dar es Salaam haikaliki. Ukitoka kuoga unaanza kutoka jasho kabla hujafika kwenye taulo. Na ndiyo miezi ambayo Mwenyekiti alichagua satini, lesi nzito yenye bitana, na akinogewa kabisa, mahameli. Mikono mpaka kwenye viganja. Shingo imefungwa. Kilemba juu.

"Mgeni havai," alisema. "Mgeni huvishwa."

Jirani yetu mmoja, mwalimu kutoka Njombe, alijaribu kumpinga kikaoni. Alikuwa mama mpole, na nadhani sie tulimsukuma mbele kwa sababu ya upole wake.

"Mama, kwetu Njombe mahameli ni sawa," alisema. "Kule kuna baridi. Lakini hapa na joto hili tutakufa."

"Joto halionekani kwenye picha," Mwenyekiti alijibu.

"Lakini tutakaovaa ni sisi, si picha."

"Umeshakufa?"

"Bado."

"Basi kapimwe."

Akakunja vipande vyake. Na mwalimu akaenda kupimwa, mie nikiwa nyuma yake kwenye foleni ya fundi, nikijichukia kwa kunyamaza.

Hiyo ilikuwa harusi ya mtoto wa seremala, na mahameli yenyewe yalikuwa rangi ya damu ya mzee. Kanisani kulikuwa na mafeni mawili, yote yameelekezwa kwa maharusi. Katikati ya mahubiri shangazi wa bibi harusi aliteleza taratibu kutoka kwenye benchi mpaka sakafuni, kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Mwenyekiti ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alimfungua kishikizo cha shingoni, akafungua zipu mpaka kiunoni, akampepea kwa karatasi ya ratiba, akamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa. Nilimtazama nikawaza, leo amejifunza. Yule shangazi alipofumbua macho na kuweza kukaa, Mwenyekiti alimpa pole, akamfuta uso, kisha akampandisha zipu na kumfunga kishikizo, maana wapiga picha walikuwa wanasubiri nje.

Wanaume hawakusalimika. Suti ilikuwa lazima, na koti halivuliwi mpaka keki ikatwe. Mume wangu ni fundi umeme, mtu wa kaptura na fulana, na alivumilia harusi tatu tu. Ya nne, bila kuniambia, alichukua shati lake jeupe akakata mgongo wote, likabaki kifua, kola na mikono. Ukilifunika kwa koti, hakuna wa kujua. Alikaa pale ukumbini mchana kutwa akitabasamu, na mie nikadhani hatimaye amelizoea koti.

Kisha umeme ukakatika, mafeni yakasimama, na wenye ukumbi wakamfuata: braza, tusaidie, ni hapa hapa kwetu, kuna waya umeungua. Akaenda ukutani akafungua kisanduku. Ukumbi ulikuwa mdogo, joto lake la tanuri, naye kwa mazoea ya kazi akavua koti. Wageni mia na zaidi wakauona mgongo wa mume wangu. Sikujua niangalie wapi. Mwenyekiti aliondoka mezani bila haraka, akaliokota lile koti, akasimama nyuma yake akilishika limetandazwa kama pazia, dakika zote alizokuwa anaunga waya. Hakumgombeza siku ile wala baadaye. Ila kwenye harusi iliyofuata, alipokuwa anapita mlangoni, alimpapasa mgongoni kwa kiganja, kidogo tu, kuhakikisha kuna kitambaa.

Yeye mwenyewe alivaa sare kila mara, na aliivaa wa kwanza. Hiyo ilikuwa inaniudhi kuliko yote, kwamba usingeweza kusema anawatesa wengine. Alikaa wima ndani ya satini yake saa sita mchana na usingeona tone la jasho usoni pake. Tuliamini kuna dawa anatumia. Mpaka siku moja nilipokwenda nyuma ya ukumbi kutafuta maji, nikamkuta amekaa kwenye kreti la soda, gauni limepandishwa mpaka magotini, miguu yote miwili imo ndani ya beseni la barafu, kilemba kimewekwa pembeni kichwa kikiwa wazi, mvi zimelowa. Alikuwa amefumba macho. Tulitazamana alipoyafumbua.

"Umeona nini?" aliniuliza.

"Sijaona kitu, Mama."

"Vizuri."

Baada ya robo saa alikuwa mezani kwake, mkavu, akimwelekeza binti mmoja aliyekuja na gauni jeupe ajifunge kitenge juu yake. Kwamba nyeupe ni ya mtu mmoja siku hiyo, hilo kila mtu anajua, na hapo nilikuwa upande wake. Lakini yule binti alikuwa mfanyakazi mwenzangu, mgeni mjini, gauni lile ndilo alilokuwa nalo zuri kuliko yote. Alikaa na kitenge chake mpaka mwisho, hakucheza, na Jumatatu kazini hakunisemesha.

Nimeyaeleza haya watu wakacheka, na mie mwenyewe hucheka. Lakini kuna siku nyingine ambazo huwa sizisimulii.

Mtaani kwetu kulikuwa na mama mjane aliyekuwa anauza maandazi pembeni ya msikiti. Kila harusi alikuwepo, na kila harusi alikuwa amevaa sare, kitambaa kile kile walichovaa wake za wakubwa, kimeshonwa vizuri, kimemkaa. Sikuwahi kujiuliza anakipata wapi. Fundi cherehani ndiye aliyeniambia, tena kwa kuteleza ulimi: Mwenyekiti kila mara aliagiza kitambaa kizidi kidogo, akasema ni cha dharura, na dharura yenyewe ilikuwa mama wa maandazi. Yule mama mwenyewe aliambiwa ni mabaki yanayotupwa. Nilimwendea Mwenyekiti nikamwambia nimesikia jambo zuri. Akanikunjia uso.

"Umesikia umbea," alisema. "Usiupeleke mbele."

Kwa hiyo sikuweza kumchukia kwa raha. Ukitaka kumchukia unakumbuka maandazi. Ukitaka kumpenda, unamkumbuka shangazi akipandishwa zipu.

Halafu ikaja harusi ya mdogo wangu, Daudi.

Mie ndiye mkubwa kwetu, baba alishafariki, kwa hiyo shughuli ilifanyika kwangu. Mama alitoka Masasi kwa basi, amebeba korosho na doti mpya ya kanga aliyoinunua maalumu kwa siku ile, ya rangi ya chungwa na nyeusi. Nilikuwa nimeshamwahidi kwenye simu kwamba avae atakacho. Mama yangu hakuwahi kuvaa gauni la kubana maishani mwake. Alivaa kanga shambani, kanga kanisani, kanga siku alipokuja kunizalisha mtoto wangu wa kwanza. Nilimwendea Mwenyekiti mapema, nikamwambia kwa adabu zote, "Mama, huyu mzazi wangu mwache na kanga zake." Akaitikia kwa kichwa. Nilimwona akiitikia.

Siku yenyewe nilitangulia kanisani kupanga viti. Mama aliachwa nyumbani aje na gari la pili, pamoja na Mwenyekiti. Gari lilipofika nilitoka kumpokea. Mlango ukafunguliwa akashuka mwanamke mwenye gauni la satini rangi ya dhahabu, mikono mirefu, na kilemba kipana kama sinia. Alitembea polepole, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji asitake imwagike. Ilibidi afike karibu ndipo nikaamini ni mama. Alinitabasamia. Nyuma yake Mwenyekiti alikuwa anamnyooshea pindo.

Kanisa limejaa, bwana harusi ni mdogo wangu, ningesema nini? Nilimshika mama mkono, ulikuwa umelowa jasho, nikamwingiza ndani. Picha zikapigwa.

Mama alifariki mwaka uliofuata, wakati wa masika. Tulipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, tulipekua nyumba mbili, ya kwangu na ya Masasi. Za kanga zilikuwa mbili, moja amegeuka, nyingine imefifia uso hauonekani. Iliyokuwa nzuri, kubwa, yenye mwanga, ni ile ya dhahabu. Tukaiweka hiyo. Baba mkubwa alisafiri siku mbili kuja kumzika, akasimama mbele ya jeneza na kofia yake mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani?"

Tangu hapo nilimpa Mwenyekiti shikamoo tu, hakuna la ziada. Alikuja msibani siku zote tatu, alipika, aliosha vyombo, na mie nikampita kama ninavyopita nguzo. Hakuniuliza kuna nini. Mwaka wa pili wa ukimya huo nyonga zilimzidi, mwanawe akaja kumchukua kwenda kuishi naye Wazo, kule kwenye kiwanda cha saruji. Siku ya kuhama nilikuwa kazini. Ningeweza kuomba ruhusa.

Alipoondoka, mtaa ulipumua. Harusi sasa kadi inataja rangi tu, mtu ajitafutie. Mwaka jana binti yangu Neema alipotaka kuolewa Desemba, aliandika kwenye kadi kwa mkono wake mwenyewe: Njoo na nguo nyepesi uipendayo. Kuna joto. Nilipoisoma nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Na nikaamua, sijui kwa wema au kwa ukorofi, kwamba kadi ya Mwenyekiti nitaipeleka mwenyewe.

Nilimkuta barazani kwa mwanawe, kwenye kiti cha plastiki, barabarani malori ya saruji yanapanda kilima. Alikuwa amekonda. Fimbo imeegemezwa ukutani. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kuanzia viatuni. Nikakaa, nikampa kadi. Aliishika mbali na macho, akaisoma yote, kisha akairudia sehemu ya chini.

"Nani kaandika hivi?"

"Neema."

"Na wewe ukamwacha."

"Nikamwacha, Mama. Watu wamechoka kuungua."

"Mtu akiambiwa avae apendacho," alisema, "asiye nacho avae nini?"

"Atavaa alicho nacho."

"Atabaki nyumbani. Atasema alikuwa anaumwa, na wewe utaamini. Mie nimewahi kuumwa hivyo. Harusi nne mfululizo, kabla hujanijua." Aliniwekea kadi mapajani. "Ukiwavisha wote sawa hakuna anayeumwa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, si kwa hilo. Na pengine ndiyo sababu nikasema lile nililokuwa nimelibeba miaka yote, tena nikalisema vibaya, sauti imepanda.

"Mama yangu alikuwa nacho. Alikuwa na doti mpya. Nilikuomba umwache, ukaniitikia, halafu ukamvua. Nimemzika na picha ambayo hata ndugu hawakumtambua ndani yake."

Hakushtuka. Alisubiri lori lililokuwa linapita limalize kupita.

"Sikumvua," alisema. "Nilikuwa nimemfunga kanga zake vizuri, nimembana na pini begani. Tumekaa tunasubiri gari, akaona wenzake wanapita na satini. Akaniuliza, hivi mwanangu ataona aibu nikija hivi?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui. Ndivyo ilivyokuwa, sikujua. Akasema basi nibadilishe, na usimwambie kwamba niliuliza. Lile gauni lilikuwa la dharura. Tulilibana kwa pini huku nyuma."

Nilitaka kumwambia ni mwongo. Ingekuwa rahisi, maana mama hayupo wa kuulizwa. Lakini Mwenyekiti alikuwa na makosa mengi na uongo sikuwahi kumshika nao. Na kuna jambo nililolijua mie peke yangu. Pale mlangoni mwa kanisa, mama aliposhuka na dhahabu yake, kabla hasira haijanipanda, kulikuwa na kitu kingine kilichotangulia. Wakwe wa Daudi walikuwa wamesimama kwenye ngazi wakitazama, na mie moyoni nilishusha pumzi. Ilikuwa muda mfupi sana. Hasira ilikuja juu yake ikakifunika, na nikamtafuta wa kumbebesha.

"Ungeniambia," nilisema. "Miaka yote hii ungeniambia."

"Alisema nisikwambie."

"Amekufa, Mama."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia."

Mkwe wake alileta maji, tukanywa. Nilikuwa nimechoka, tena si naye tu. Nikauliza kama mwanawe atamleta siku ya harusi au nitume bajaji.

"Sitakuja," alisema. "Sina cha kuvaa."

Nilidhani ananikejeli. Akachukua fimbo, akanyanyuka kwa taabu, akaniongoza chumbani, akafungua kabati. Lilikuwa limejaa mpaka milango haifungiki. Aliyagusa magauni moja moja kwa ncha ya fimbo. Hili la mtoto wa seremala. Hili la bintiye mwalimu. Hili la Daudi. Yote sare.

"Nikivaa hili, nitakuwa nimekwenda harusi ya mtu mwingine," alisema. "Na nyie hamna sare. Sasa mie nitajuaje?"

Aliuliza kweli. Alisimama katikati ya chumba ameshika fimbo kwa mikono miwili, akinisubiri. Nilipekua kabati lote. Mwisho kabisa, chini, nikakuta gauni la pamba, la bluu lenye majani madogo madogo, mikono mifupi, bado limo ndani ya nailoni.

"Hilo alininunulia mkwe wangu," alisema. "Sijalivaa. Hakuna mwingine mwenye kama hilo."

"Livae tuone."

"Mikono yake mifupi."

"Livae, Mama."

Nikatoka nikasimama nje ya mlango. Alichelewa. Nilisikia fimbo ikianguka, nikauliza kama nimsaidie, akasema hapana. Alipofungua, alikuwa amelivaa, mikono yake myembamba iko wazi kuanzia juu ya viwiko, ngozi ya juu nyeupe kidogo kwa kutoona jua. Hakuniangalia viatuni. Aliangalia uso wangu.

Nilitengeneza kola. Nikarudi nyuma hatua moja, nikamwambia ageuke nimwone mgongoni, naye akageuka.